Uzi: Vyuo vya Marekani na kuhamahama konferensi. Nani ataalikwa tena?

#1 Mpogoro_Ughaibuni (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Humu wengi mna wadogo au watoto wanaotafuta skolashipu za riadha na kikapu Marekani, na wengine mlianza kufuatilia mambo haya enzi za Hasheem Thabeet. Ila nikisoma maswali yenu naona kitu kimoja kinawachanganya: hivi vyuo vinacheza ligi gani hasa, na mbona kila baada ya muda mfupi vinahama? Nimeona nilete uzi ulioshiba.

Msingi kwanza. Michezo ya vyuo kule haina ligi moja ya taifa. Vyuo hujikusanya kwenye vyama vinavyoitwa konferensi. Konferensi ndiyo inapanga ratiba, inatoa bingwa wake, na hapa ndipo penye utamu, inauza haki za matangazo kwa niaba ya wanachama wote kisha wanagawana. Zamani kigezo kilikuwa ujirani. Timu inapanda basi, inacheza, inarudi kulala kwake.

Chukueni mfano unaotuhusu. Mwaka 1978 Henry Rono, kijana wa Nandi aliyekuwa akisoma Washington State katika mji mdogo wa Pullman, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Ya kwanza, mita 5,000, aliivunjia Berkeley, nyumbani kwa chuo cha California, tarehe 8 Aprili. Ya pili, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, aliivunjia Seattle, mji wa chuo cha Washington, tarehe 13 Mei. Mbili zilizobaki ndizo alizozifuata Ulaya, Vienna na Oslo. Nusu ya kazi ile aliimalizia kwa majirani zake wa konferensi, iliyokuwa ikiitwa Pac-8.

Leo vyuo hivyo vitatu viko sehemu tatu. Berkeley iko ACC, chama cha pwani ya Atlantiki, wakati chuo chenyewe kinatazama Pasifiki. Seattle iko Big Ten pamoja na Rutgers ya New Jersey. (Big Ten ina vyuo 18, Big 12 ina 16. Msiniulize, hesabu zao ndivyo zilivyo.) Pullman ilibaki inalinda jina la Pac-12 (ndiyo Pac-8 ile baada ya kuongeza vyuo) na mwenzake mmoja, Oregon State.

Rono aliaga dunia Februari 2024. Agosti ya mwaka huohuo kundi lile likasambaratika rasmi.

Nakuja na sehemu ya pili.

#2 Chalii_wa_Ngarenaro

Nimeweka kambi. Mkuu shusha nondo, ila usituache na arosto hadi wiki ijayo.

#3 Mpogoro_Ughaibuni

Siwaachi.

Mzizi wa yote ni mwaka 1984. Kabla ya hapo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ndiyo iliyokuwa inaamua mechi gani za futiboli ya Kimarekani zionyeshwe na kila chuo kitokee kwenye TV mara ngapi. Oklahoma na Georgia wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa ushindi, majaji 7 kwa 2. Tangu siku ile TV ikawa huru kununua kwa anayeuza vizuri, na anayeuza vizuri ni konferensi yenye vyuo vikubwa vya futiboli. Kikapu kina pesa yake, riadha haina kitu kwenye meza hiyo, kuogelea ndiyo kabisa. Futiboli ndiyo inayobeba.

Sasa Pac-12 ilikufaje? Haikufa siku moja. Ilianzisha chaneli yake mwaka 2012, lakini DirecTV, kampuni kubwa ya visimbuzi kule, haikuwahi kuibeba. Washindani wakapata pesa, wao wakabaki na chaneli isiyoonekana sebuleni kwa watu. Tarehe 30 Juni 2022 vyuo vya Los Angeles, USC na UCLA, wakatangaza wanaenda Big Ten, na Los Angeles yote ikaondoka nao. Miezi miwili baadaye Big Ten ikasaini mkataba wa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7 na Fox, CBS na NBC.

Pac-12 ilikuwa bado inatafuta mnunuzi wa mkataba wake mpya. Big 12 wakaiwahi. Oktoba 2022 wakaongeza mkataba wao na ESPN na Fox kwa miaka 6, dola bilioni 2.28, mapema kabisa kabla Pac-12 haijafika mezani. Mimi naona hapo ndipo mchezo ulipoishia. Kilichofuata kilikuwa mazishi tu.

Julai 27, 2023 Colorado ikaondoka. Siku chache baadaye kamishna wa Pac-12, George Kliavkoff, akawaletea marais wa vyuo ofa ya Apple, ambayo sehemu kubwa ya pesa ingetegemea watu wangapi watajisajili kulipia. Rais wa chuo ana bajeti ya mwaka mkononi, anaambiwa mapato yatategemea wanunuzi watakaojitokeza. Ijumaa ya tarehe 4 Agosti asubuhi Oregon na Washington wakaenda Big Ten, tena kwa kukubali mgawo mdogo kuliko wanachama wengine. Kabla jua halijazama Arizona, Arizona State na Utah wakawa Big 12. Mwezi uliofuata Stanford na California wakapewa hifadhi ACC, nao kwa mgawo wa kupunguzwa. Jumla vyuo 10 vimeondoka katika 12, kwenye chama kilichoanza mwaka 1915.

#4 BintiKilema

Mkuu nisaidie kuelewa. Hii si sawa na Simba na Yanga waamke waseme wanaenda kucheza ligi ya Misri kwa sababu TV ya kule inalipa vizuri, halafu Coastal Union na Kagera wabaki na jina la Ligi Kuu? Maana Los Angeles hadi New Jersey nimepima kwenye ramani, ni kilomita kama 3,900. Inakaribia Dar hadi Cairo. Simba akienda Cairo kucheza na Al Ahly nchi nzima inajua. Hawa wanaenda mara ngapi?

#5 Mpogoro_Ughaibuni

Dada, umepiga penyewe. Na tofauti iko kwenye ni nani anayesafiri.

Timu ya futiboli inacheza mechi 12 kwa msimu wa kawaida, karibu zote Jumamosi. Ina ndege yake ya kukodi, madaktari, hadi walimu wa kuwasaidia masomo njiani. Safari za mbali ni mbili au tatu. Hao hawaumii. Sasa mtazame binti wa voliboli au softiboli wa UCLA. Yeye ana mechi nyingi katikati ya wiki, anapanda ndege ya abiria kama sisi, na Jumatatu ana mtihani. Mkataba wa futiboli ndio uliompeleka New Jersey, wakati mchezo wake haukuuzwa kwenye mkataba huo kwa bei yoyote ya maana.

Kuna kichekesho pia. UCLA na Berkeley ni vyuo vya serikali ya California, bodi yao ni moja. UCLA ilipoondoka ikamuumiza ndugu yake, kwa hiyo bodi ikaamua UCLA imlipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka. Waandishi wa kule wanaitania kuwa ni matunzo baada ya talaka.

#6 Kapsabet_Runner

Bwana mleta uzi, hongera, lakini mimi naona unaidharau riadha kidogo. Washington State si Rono pekee. John Chaplin alipokuwa kocha pale alileta vijana wetu wengi: Samson Kimobwa, Peter Koech, baadaye akaja Bernard Lagat. Mji ule ulijulikana Bonde la Ufa kabla haujajulikana kwa majirani zake wa Amerika. Hiyo si thamani?

#7 Mpogoro_Ughaibuni

Kaka, hiyo thamani siipingi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba haikuingizwa kwenye mizani siku ya kuamua. Na ngoja nikupe mwendelezo wa habari ya hapohapo Pullman, maana wengi haikuwafikia.

Juni 2025 Washington State, baada ya kupoteza mgawo mkubwa wa TV, ilitangaza kuibadilisha timu yake ya riadha iwe ya mbio ndefu. Mitupo na miruko ikafutwa, mbio fupi na viunzi vikapunguzwa. Wakabakiza kile kinachoendeshwa kwa gharama ndogo na ambacho historia yao inakibeba. Kwa hiyo mkimbiaji wa Kapsabet bado ana mlango pale. Mrusha tufe wa Singida hana. Riadha ya chuo imekatwa katikati kwa sababu ya mkataba ambao haukuihusu.

Na sisi Watanzania tuna wetu. Suleiman Nyambui alisoma UTEP, El Paso, Texas. Mwaka 1980 alitoka Moscow na medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Enzi hizo UTEP ilikuwa konferensi ya WAC. Mwaka 1999 vyuo 8 vikachomoka WAC vikaunda Mountain West, UTEP ikaachwa. Mwaka 2005 ikaenda Conference USA. Sasa kuanzia 1 Julai 2026 imepewa nafasi Mountain West, kwa walewale waliomkimbia, kwa sababu Mountain West yenyewe imenyang'anywa vyuo 5 na Pac-12: Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State. Miaka 27 kusubiri mwaliko!

#8 Chalii_wa_Ngarenaro

Haya ya kale tumeyashika. Jibu swali la kichwa cha uzi sasa. Nani ataalikwa? Mimi nasikia Memphis. Si ndiko alikosoma Hasheem?

#9 Mpogoro_Ughaibuni

Hapana mkuu, usichanganye. Memphis Grizzlies ni timu ya NBA, ilimchukua Hasheem namba 2 kwenye drafti ya 2009. Chuo alichosoma ni UConn, yaani Connecticut, 2006 hadi 2009. Na vyuo vyote viwili, UConn na Memphis, viko kwenye foleni ya kusubiri kualikwa, kwa hiyo umenipa pa kuanzia.

UConn. Kwa kikapu hakuna wa kumwambia kitu. Wanaume mabingwa 2023 na 2024, wanawake mabingwa 2025. Kamishna wa Big 12, Brett Yormark, alimtaka sana. Septemba 2024 mazungumzo yakasimamishwa. Sababu ni futiboli, ambayo UConn inacheza peke yake bila konferensi wakati michezo mingine iko Big East. Wakumbukeni Machi 2009, Hasheem akiwa uwanjani Madison Square Garden, mechi ya Syracuse na UConn ilikwenda nyongeza 6, Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Ile ndiyo ilikuwa Big East. Miaka miwili na nusu baadaye Syracuse wakatangaza kwenda ACC. Upinzani uliojaza ukumbi ule ukavunjwa kwa sababu ya futiboli, mchezo ambao hawakuwa wakiuongelea usiku ule.

Ubashiri wangu: UConn ataalikwa ACC siku ACC ikipoteza wawili wakubwa. Big 12 itamtaka tena kwenye vikao, marais watakataa tena.

Memphis. Ana pesa za wafadhili, ana kikapu, ana uwanja. Mwaka 2024 Pac-12 ilimwita pamoja na Tulane, South Florida na UTSA, wote wanne wakasema asante, hapana. Anasubiri Big 12. Atasubiri sana. Big 12 haihitaji chuo cha 17 ambacho TV haitakiongezea pesa, na mgawo wa kila mmoja utapungua.

Pac-12 mpya. Hawa walikuwa na shida ya hesabu. Bila vyuo 8 vya futiboli NCAA haiwatambui. Gonzaga aliingia Oktoba 2024, lakini Gonzaga ni kikapu, hana futiboli. Wakabaki 7. Tarehe 30 Juni 2025 wakamalizia na Texas State. Angalieni tarehe hiyo. Ada ya kuondoka Sun Belt, konferensi ya zamani ya Texas State, ilikuwa dola milioni 5 hadi siku hiyo, kesho yake ingepanda kuwa milioni 10. Ukitaka kujua lini chuo kitatangaza kuhama, achana na fununu, soma kifungu cha ada.

Ndiyo maana kwa vigogo naangalia kalenda. Mkataba wa Big Ten unaisha msimu wa 2029/30, wa Big 12 mwaka mmoja baadaye. ACC imefungwa na ESPN hadi 2036. Florida State walishitaki Desemba 2023 wakitaka kutoka, Clemson wakafuata Machi 2024. Machi 2025 wakapatana: pesa zigawanywe kwa kuangalia watazamaji, na ada ya kuondoka ishuke kila mwaka, kutoka dola milioni 165 mwaka 2026 hadi milioni 75 mwaka 2030/31. Oanisheni tarehe hizo. Mlango wa ACC unakuwa rahisi kufunguka mwaka uleule ambao Big Ten na Big 12 zitakuwa sokoni na mikataba mipya. Kabla ya hapo mtaona vidogo vikihama, vikubwa vitatulia.

Na wa kwanza kuitwa nadhani ni North Carolina.

#10 Mnyalu_wa_Houston

Hapo kwa North Carolina nakupinga mzee. Walimleta Bill Belichick, kocha mwenye jina kubwa la NFL, kwa mbwembwe zote, mwaka wa kwanza akamaliza na ushindi 4, vipigo 8. Florida State ana mataji ya futiboli, ana watazamaji. Wewe mwenyewe umesema futiboli ndiyo inayobeba, sasa unamtanguliza mtu wa kikapu?

#11 Mpogoro_Ughaibuni

Swali zuri. Mwalikaji haangalii msimu mmoja, anaangalia anachokosa. SEC, konferensi kubwa ya kusini, tayari wana chuo cha Florida ndani ya jimbo la Florida, na South Carolina ndani ya jimbo la Clemson. North Carolina na Virginia ni majimbo ambayo SEC hawana mguu. Big Ten nao wana kasumba yao: wanapenda vyuo vilivyo kwenye AAU, umoja wa vyuo vikubwa vya utafiti. North Carolina yumo, Virginia yumo. Miami na Notre Dame waliingia mwaka 2023. Florida State hayumo. Chuo kinachotakiwa na nyumba mbili kwa wakati mmoja ndicho kinachopanda bei.

Florida State ataitwa, sikatai. Ila ataitwa kwa mgawo wa nusu, kama Oregon na Washington, na atakubali.

Notre Dame mniachie. Ana mkataba wake na NBC tangu 1991, futiboli anacheza huru. Kila miaka miwili anatangazwa kuwa anaingia Big Ten, na kila miaka miwili anabaki alipo. Akibanwa na mfumo wa mtoano wa taifa ataingia. Asipobanwa, haingii.

Halafu usisahau kuwa mwaliko unaweza kununuliwa. SMU ya Dallas iliingia ACC kwa kukubali kutopokea pesa ya TV kwa miaka 9. Wafadhili wake wakachanga dola milioni 100 ndani ya wiki moja. Msimu wa kwanza tu, 2024, wakafika fainali ya ACC na kuingia mtoano wa taifa wa timu 12. Waliwacheka walipoingia, siku hizi kila chuo cha pembeni kinatafuta tajiri wa kuiga hesabu ile.

#12 MamaNuru_Babati

Nimesoma uzi wote, mambo mengine yamenipita juu lakini nashukuru. Mdogo wangu anakimbia mita 10,000, ana ofa mbili za vyuo vya kule. Kimoja kipo konferensi kubwa, kingine ndogo. Kubwa si ndiyo bora? Namshaurije?

#13 Mpogoro_Ughaibuni

Dada MamaNuru, hongera kwa mdogo wako. Ukubwa wa konferensi usimtishe wala usimvutie peke yake.

Tangu makubaliano ya mahakama ya Juni 2025, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kwa 2025/26 ukomo ulikuwa dola milioni 20.5 kwa chuo, na sehemu kubwa inaenda kwa futiboli na kikapu. Vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo vimewekewa pia ukomo wa idadi ya wachezaji: mbio za nyika 17, riadha 45. Kwa hiyo amuulize kocha moja kwa moja, kwa maandishi: skolashipu ni asilimia ngapi, ni ya mwaka mmoja au hadi amalize, na ikitokea chuo kikihama au kikapunguza timu, yeye skolashipu yake inabaki? Aulize pia michezo gani imefutwa pale miaka mitatu iliyopita. Jibu la swali hilo linaeleza mengi kuliko picha za uwanja.

Amwombe ratiba ya mbio za nyika ya mwaka uliopita. Mkimbiaji ana nafuu hapa, hana mechi za kila wiki kama voliboli. Mashindano ya konferensi kwake ni machache kwa mwaka, mengine ni ya mialiko ya karibu. Konferensi kubwa ikimpeleka mbali mara tatu si mbaya.

Na kama viza yake itakuwa F-1, ile ya mwanafunzi, asikurupuke kusaini mkataba wowote wa matangazo au wa malipo kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo. Vijana wengi wanadhani ruhusa ya NCAA ni ruhusa ya uhamiaji. Ni ofisi mbili tofauti kabisa.

Ni vyuo gani hivyo? Kama hutaki kuvitaja hadharani, njoo PM.

#14 Kapsabet_Runner

Mama Nuru, muda wake wa 10,000 ni ngapi? Kocha wa mbio ndefu wa kule anaangalia hiyo kwanza, hayo mengine baadaye.

#15 MamaNuru_Babati

29:40, Arusha. Nakuja PM kwenu wote wawili.